Visukuku Hadubini na Umri wa Miamba Tabaka Kisimani: Tatizo la "Kwanza" na "Mwisho" katika Ufafanuzi wa Kiswahili

Ikisiri

Umri wa miamba tabaka inayopitiwa na kisima cha mafuta au gesi hukadiriwa, kwa kiasi kikubwa, kwa kuchunguza visukuku vidogo ambavyo havionekani vizuri bila hadubini. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika na kubainisha tatizo moja la lugha linaloweza kupotosha matokeo yake yanapoelezwa kwa Kiswahili. Maneno "kwanza" na "mwisho" hubeba maana mbili zinazopingana: kwa mchorongaji, cha kwanza ni kile kilicho karibu zaidi na uso wa ardhi, kwa mtaalamu wa viumbe vya kale, cha kwanza ni kile kilichotangulia kuishi. Kwa kuwa kisima hushuka kuelekea kale, kwanza ya mmoja ni mwisho ya mwingine. Kwa kutumia mfano wa miamba ya Kilwa, makala yanapendekeza jozi mbili za istilahi zinazotenganisha mpangilio wa kisima na mpangilio wa wakati.

1. Utangulizi

Eneo letu limeingia katika zama za visima virefu. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Tanzania, mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Nchini Uganda, kisima cha Waraga-1 katika bonde la Ziwa Albert kilithibitisha kuwapo kwa mafuta mwaka 2006. Kenya ilifuatia mwaka 2012 kwa kisima cha Ngamia-1 katika eneo la Turkana. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, na kwa hiyo uamuzi unaotokana na kisima cha nchi moja sasa una uzito katika nchi jirani.

Ripoti za visima hivyo huandikwa na wanajiolojia kwa ajili ya wanajiolojia, na kwa kawaida si kwa Kiswahili. Hata hivyo, zinapofika kwenye kamati za bunge, halmashauri za wilaya na mikutano ya wananchi, sharti zifafanuliwe kwa lugha inayoeleweka na walio wengi. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na haja ya ufafanuzi huo haitazamiwi kupungua. Swali la makala haya ni dogo lakini lina athari: mshauri wa sera anaposoma kwa Kiswahili kwamba kisukuku fulani "kilionekana kwa mara ya kwanza katika kina cha mita 1,200", anaelewa nini, na je, anachoelewa ndicho alichokusudia mtaalamu?

2. Visukuku hadubini ni nini

Neno "kisukuku" limezoeleka siku hizi kupitia maneno "nishati ya kisukuku". Mazoea hayo yamezaa dhana kwamba kisukuku chochote kinachotafutwa kisimani ni chanzo cha mafuta yenyewe. Katika kazi tunayoijadili sivyo ilivyo. Kisukuku hapa ni shahidi wa umri: ni mabaki ya kiumbe yaliyozikwa pamoja na mashapo yalipokuwa yakitulia chini ya bahari au ziwa.

Visukuku hadubini ni vya aina nyingi. Foraminifera ni viumbe vya seli moja wanaojenga magamba yenye vyumba, kwa wengi wao kutokana na kalisi kaboneti. Jina lao lilitolewa na mtaalamu wa Ufaransa, Alcide d'Orbigny, mwaka 1826. Magamba mengi hayafikii milimita moja. Kokolithi ni vibamba vya chokaa vya mwani wa baharini, na upana wake ni mikroni chache tu. Radiolaria na diatomu huacha mabaki ya silika. Ostrakodi ni jamaa wadogo wa kamba na kaa, nao huishi baharini na katika maji baridi. Mwisho ni kundi la chavua, spora na vifuko vya dinoflajelata, ambavyo kuta zake za kikaboni hustahimili hata asidi ya hidrokloriki na ya hidrofloriki zinazotumika kuyeyusha mwamba unaovizunguka.

Umuhimu wa udogo huu unatokana na namna kisima kinavyochorongwa. Keekee husaga mwamba kuwa chengachenga, na tope maalumu la kuchorongea huzipandisha chengachenga hizo juu. Gamba la konokono au jino la papa haliwezi kupita katika usagaji huo likabaki zima. Gamba la foraminifera hupita salama ndani ya chenga yenye ukubwa wa punje ya mchele, na konzi moja ya udongo wa baharini inaweza kuwa na maelfu yake. Chengachenga huoshwa, huchekechwa kwa chekeche laini sana, kisha mabaki huchambuliwa chini ya hadubini punje kwa punje.

Mbinu hii ilipata nguvu katika sekta ya mafuta nchini Marekani katika miaka ya 1920. Mwaka 1925 wanawake watatu, Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba tabaka za chini ya ardhi katika uwanda wa pwani wa Texas na Louisiana zinaweza kutambuliwa na kuunganishwa kutoka kisima hadi kisima kwa kutumia foraminifera. Pwani yetu nayo iliingia katika elimu hiyo mapema: mwaka 1962 Walter Blow na Fred Banner walifafanua spishi kadhaa za foraminifera kwa kutumia sampuli zilizotoka Lindi. Kwa hiyo miamba ya nchi inayozungumza Kiswahili imechangia maarifa ya dunia kwa zaidi ya nusu karne, ingawa maarifa hayo hayajaandikwa kwa Kiswahili kwa kiwango kinachostahili.

3. Umri hupatikana vipi

Msingi wa kwanza ni kanuni iliyoelezwa na Nicolas Steno mwaka 1669: katika mashapo ambayo hayajapinduliwa, tabaka la chini lilitangulia kuwekwa, na la juu lilifuata. Msingi wa pili ulidhihirishwa na William Smith nchini Uingereza, ambaye ramani yake ya kijiolojia ilitoka mwaka 1815: kila kundi la tabaka lina visukuku vyake, na mfuatano wa visukuku hivyo hurudiwa kutoka mahali hadi mahali. Sababu yake ni kwamba kila spishi ina maisha yake katika historia. Huzuka, huenea, kisha hutoweka, na ikishatoweka hairudi.

Kutokana na hayo, mtafiti akikuta spishi mbili katika sampuli moja, mwamba huo haukosi kuwa wa kipindi ambacho spishi zote mbili zilikuwa hai. Spishi nyingi zikitumiwa pamoja, kipindi hicho hupungua na makadirio huwa makini zaidi.

Ni muhimu kutambua kwamba kisukuku chenyewe hakibebi tarakimu. Tarakimu hutoka nje: katika tabaka za majivu ya volkano zinazopimwa kwa njia ya mnururisho, katika kumbukumbu za kugeukageuka kwa usumaku wa dunia, na katika mizunguko ya kifalaki iliyoacha alama katika mashapo. Mahali ambapo mbinu hizi hukutana na visukuku ndipo umri wa spishi unapowekwa. Mpaka kati ya Eosini na Oligosini ni kielelezo kizuri. Mwaka 1992 mpaka huo uliwekewa rejeo la kimataifa katika tabaka za Massignano, karibu na Ancona, Italia, mahali ambapo familia ya foraminifera iitwayo Hantkeninidae inatoweka. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 33.9. Jenasi ya Hantkenina hutambulika kwa urahisi kwa sababu vyumba vyake vina miiba mirefu, na gamba zima hufanana na nyota ndogo.

4. Kisima hushuka kuelekea kale

Historia husimuliwa kutoka kale kuja leo. Kisima hufanya kinyume: huanzia kwenye mashapo machanga na kushuka hadi kwenye makongwe. Mchorongaji hukutana na kifo cha spishi kabla ya maisha yake, na na maisha yake kabla ya kuzaliwa kwake. Hapa ndipo maneno yanapogongana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kisima kinachorongwa baharini, na sampuli inachukuliwa kila baada ya mita 10. Hadi mita 1,190 hakuna Hantkenina. Katika mita 1,200 zinakutwa nyingi. Mtaalamu anasema, kwa haki kabisa, kwamba Hantkenina "imeonekana kwa mara ya kwanza" katika mita 1,200. Maana yake ni kwamba kisima kimefika kwenye mwamba usiopungua umri wa miaka milioni 33.9, yaani kimeingia Eosini kutokea juu. Mbele yake, chini zaidi, kuna Eosini ya kuchunguzwa.

Msomaji asiye mtaalamu, ambaye amefundishwa kwamba spishi "huonekana" na "kutoweka" katika historia, anaweza kuelewa kwamba mita 1,200 ndipo spishi hiyo ilipoanza kuishi. Hantkenina ilizuka katika Eosini ya kati, kwa hiyo msomaji huyo amekosea umri kwa zaidi ya miaka milioni 10. Kibaya zaidi, ataamini kwamba chini ya mita 1,200 miamba ni ya kabla ya Hantkenina kuwapo. Iwapo tabaka linalotarajiwa kuwa na gesi ni la Eosini ya juu, msomaji huyo atahitimisha kwamba kisima kimeshalipita bila kupata kitu, na huenda akashauri kwamba fedha zaidi zisitumike. Ukweli ni kwamba tabaka hilo bado halijafikiwa.

Ingeweza kudhaniwa kwamba tatizo hili ni la nadra. Lakini mazingira ya uchorongaji yanalifanya liwe la kila siku, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kuporomoka kwa ukuta wa kisima. Vipande vya tabaka za juu huanguka na kuchanganyika na chengachenga za chini. Gamba la Hantkenina kutoka mita 1,200 linaweza kupandishwa pamoja na chengachenga za mita 1,900. Kwa hiyo mahali pa chini kabisa panapokutwa kisukuku hapaaminiki sana katika chengachenga. Mahali pa juu kabisa ndipo panapoaminika, kwa sababu uchafuzi wa aina hii hushuka tu, haupandi. Hii ina maana kwamba ushahidi mwingi wa umri kisimani hutegemea kukutwa kwa kwanza, ambako kwa wakati wa kijiolojia ni kuwapo kwa mwisho. Ushahidi unaotumika zaidi ndio wenye maneno yanayopotosha zaidi.

Sababu ya pili ni kuzikwa upya. Mto au mkondo wa bahari unaweza kumomonyoa mwamba wa kale na kuvipeleka visukuku vyake katika mashapo mapya. Hapo kisukuku kikongwe hukutwa juu ya mahali pake halisi, na mwamba mchanga huonekana kuwa mkongwe. Wataalamu hutazama rangi, mikwaruzo na uchache wa visukuku hivyo ili kuvitambua.

Sababu ya tatu ni kwamba kutokutwa si kutoweka. Spishi inaweza kukosekana kwa sababu bahari ilikuwa na kina kidogo mno, maji yalikuwa baridi, au chokaa ya magamba iliyeyuka baada ya kuzikwa. Katika Kiswahili, "haipo" hutosheleza hali zote mbili. Katika ripoti ya kisima haitoshi.

5. Mfano wa Kilwa

Pwani ya kusini ya Tanzania inatupa fursa ya kuona mambo haya katika miamba halisi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, mradi wa uchorongaji wa kisayansi ulioongozwa na Paul Pearson, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ulichoronga visima vifupi katika maeneo ya Kilwa na Lindi. Miamba ya huko ina udongo mwingi wa mfinyanzi, ambao ulizuia maji kupenya na kubadilisha magamba. Matokeo yake ni foraminifera zinazong'aa kama kioo, hali iliyowavutia watafiti wa tabianchi ya kale kutoka nchi nyingi.

Karibu na Pande, wilayani Kilwa, visima hivyo vilipita katika mpaka wa Eosini na Oligosini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kutoweka hakukutokea kwa siku moja: kundi la Turborotalia cerroazulensis lilitoweka kwanza, na Hantkeninidae zikatoweka baadaye, makumi ya maelfu ya miaka yakiwa yamepita kati ya matukio hayo mawili.

Tuisome sentensi hiyo kwa macho ya mchorongaji. Kwa kuwa Hantkeninidae zilitoweka baadaye, mabaki yao hufika juu zaidi. Anayeshuka hukutana na Hantkeninidae kwanza, kisha Turborotalia cerroazulensis. Mfuatano wa kisimani ni kinyume cha mfuatano wa historia, na sentensi zote mbili ni za kweli. Mfasiri asiyejua kwamba ripoti moja imeandikwa kwa mtazamo wa kisima na nyingine kwa mtazamo wa wakati atadhani zinapingana, na pengine "atasahihisha" mojawapo.

Kilwa inaonyesha pia thamani ya aina ya sampuli. Visima hivyo vilitoa miche ya mwamba, yaani nguzo za mviringo zilizokatwa zikiwa nzima, badala ya chengachenga. Katika mche, kilichoporomoka kutoka juu hutambulika na kuondolewa, hivyo mahali pa chini kabisa pa kisukuku hupata uzito wa ushahidi. Miche ni ghali, na visima vya kibiashara huichukua katika sehemu chache tu. Kwa hiyo ripoti yoyote ya Kiswahili ingepaswa kusema wazi kama umri umetokana na miche au chengachenga.

6. Pendekezo la istilahi

Utatuzi hauhitaji maneno mapya ya kigeni. Unahitaji kugawanya kazi kati ya maneno tuliyonayo. Tunapendekeza kanuni nne.

(a) Kwa wakati wa kijiolojia, yatumike "kuzuka" na "kutoweka", pamoja na nomino "mzuko" na "mtoweko". Vitenzi hivi humhusu kiumbe mwenyewe na havihitaji mtazamaji.

(b) Kwa kisima, yatumike "kukutwa juu kabisa" na "kukutwa chini kabisa". Kitenzi "kukutwa" kinadai awepo aliyekuta, na hivyo humkumbusha msomaji kwamba tunazungumzia tukio la uchunguzi. Maneno "juu" na "chini" hayageuki kwa kufuata mwelekeo wa kazi, ilhali "kwanza" na "mwisho" hugeuka.

(c) "Kuonekana" kuepukwe katika ripoti za visima. Neno hili hubeba maana ya kuzuka na ya kukutwa kwa pamoja, nalo ndilo chanzo kikuu cha utata.

(d) "Kutokutwa" kutofautishwe na "kutoweka". La kwanza ni taarifa ya sampuli; la pili ni hitimisho linalohitaji ushahidi zaidi ya sampuli moja.

Kwa kufuata kanuni hizi, sentensi ya mfano wetu ingekuwa: "Hantkenina imekutwa juu kabisa katika mita 1,200, kwa kuwa mtoweko wake ulikuwa miaka milioni 33.9 iliyopita, mwamba wa kina hicho haupungui umri huo." Sentensi imerefuka, lakini mjumbe wa kamati hawezi kuielewa kinyume.

Yako maneno mengine ambayo yangefaa kuzingatiwa. "Kuchipuka" lingeweza kushindana na "kuzuka", hasa kwa kuwa "kuzuka" hunasibishwa na uzushi. Hata hivyo, "kuzuka" limekwisha kuzoeleka kwa magonjwa na vita, mambo ambayo huanza na kuenea, na ndiyo maana inayohitajika. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilionyesha kwamba istilahi za sayansi hudumu zinapojengwa juu ya maneno yenye mizizi katika matumizi.

7. Mipaka ya pendekezo

Jozi ya "juu" na "chini" ina mipaka yake. Visima vya leo hupinda, na vingine hulala. Katika eneo la Valhall, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, wataalamu wa kokolithi wametumika kuongoza visima vya mlalo ili keekee isitoke ndani ya tabaka la chokaa lililokusudiwa. Katika kisima cha namna hiyo, urefu uliochorongwa si kina, na mchorongaji anaweza kusonga mbele kilomita nzima bila kurudi nyuma katika wakati. Aidha, pale tabaka zilipokunjwa au kupinduliwa, la chini linaweza kuwa changa kuliko la juu. Katika hali hizi "juu" na "chini" yahusishwe na mpangilio wa tabaka zenyewe, na ripoti iseme hivyo.

Mpaka wa pili unahusu mabonde ya ndani. Mashapo ya Ziwa Albert yaliwekwa na ziwa na mito, si bahari, kwa hiyo foraminifera za bahari kuu hazina msaada huko. Chavua, spora na ostrakodi huchukua nafasi yao, na makadirio kwa kawaida huwa mapana zaidi, kwa sababu mimea ya nchi kavu hutofautiana sana kutoka eneo hadi eneo. Pale ambapo majivu ya volkano yapo, kama katika maeneo mengi ya bonde la Turkana, huongeza usahihi. Istilahi tulizopendekeza hazifungamani na aina ya kisukuku, hivyo zinafaa kwa pwani na kwa bara.

8. Hitimisho

Visukuku hadubini huiwezesha nchi kujua kisima chake kimefika wapi katika historia ya dunia, na ujuzi huo huamua kama kazi iendelee au isimame. Ujuzi huo hupita katika lugha kabla ya kufika kwa mwenye mamlaka ya kuamua. Tumeonyesha kwamba maneno mawili ya kawaida kabisa, "kwanza" na "mwisho", yanatosha kuugeuza juu chini, na kwamba hatari hiyo ni kubwa zaidi katika chengachenga, ambazo ndizo sampuli za kawaida.

Tunapendekeza kwa mabaraza na asasi za Kiswahili za ukanda huu, pamoja na wizara zinazosimamia nishati na madini, kwamba jozi za "mzuko na mtoweko" na "kukutwa juu kabisa na chini kabisa" zijadiliwe pamoja na wanajiolojia wenyewe na kujaribiwa katika muhtasari wa ripoti halisi. Aidha, kila muhtasari wa kisima utakaotolewa kwa Kiswahili utaje mambo matatu: aina ya sampuli, kina ambacho kisukuku kimekutwa juu kabisa, na umri wa mtoweko uliotumika. Mshauri wa sera mwenye mambo hayo matatu ataweza kuuliza swali sahihi hata kama hajawahi kushika hadubini.